Taa za Pikapu ya Luhaga

Mwandoya, 14 Machi 1995

Shemeji Sylvester,

Hatujambo, pamba imestawi. Mdogo wako Luhaga ameniagiza nikuandikie umtafutie taa mbili zaidi huko Mwanza, za kufunga juu ya pikapu. Ameshainua springi, ameweka matairi makubwa na ngao ya mbele. Betri ni ileile ya zamani, nimesema mpaka nimechoka.

Jumanne mama yenu alizidiwa na kifua, gari likakataa kuwaka. Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe, ananyeshewa.

"Luhaga yuko wapi?" aliniuliza njiani.

"Anasukuma gari, mama."

Amelazwa, anapumua kwa shida. Jana Luhaga ameuliza tena kama nimeshakuandikia. Shemeji, usitume chochote. Njoo umwone mama angali anatutambua.

Ni mimi shemeji yako,
Nyanjige