Aliyeita Kivukoni

Mke mwenzangu uliyenisusa,

Miaka sita! Mbuzi niliyekuwa nimemfunga uani siku ulipoondoka amekuwa bibi kama mimi, na wewe bado unaniandikia kwamba utakuja mambo yakitulia. Mambo gani hayo? Hata chai ikiepuliwa hutulia. Una miguu miwili, macho mawili na mume mwenye adabu. Kinachokuzuia nakijua, na ndiyo sababu ya karatasi hii.

Lakini kwanza nikujulie hali. Kile kifua chako cha baridi kimepona? Mumeo anakula vizuri, au bado ni ukuni uliovaa shati? Na huyo mgeni mdogo, ananyonya? Analala? Ana nywele, au amerithi kichwa cha babu yako? Mimi ni mzima, ila magoti, ambayo siku hizi hayapokei amri yangu. Mjomba wako ni mzima pia. Kuku wamebaki wanne.

Anayeandika ni jirani yetu mshonaji, yule mwenye cherehani ya kukanyaga pale dirishani. Mimi shule niliiona kwa nje tu, wakati nikipeleka kuni. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asinipambe. Alitaka kuanza kwa maneno marefu ya heshima, nikamwambia huyu ni mjukuu wangu, si hakimu.

Barua yako alinisomea mara tatu. Ya kwanza nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia, kusikia umezaa msichana na umempa jina la marehemu mama yako. Ya pili nikasikia yale ya chini: kwamba mtoto hutamleta huku kamwe, kwa kuwa wewe ndiye uliyemwita mama yako kivukoni, na unaogopa mto utamtaka na huyu. Ya tatu nilimwambia asome hapo tu. Kisha nikamwambia anyamaze, akanyamaza, jambo ambalo kwake ni kazi.

Mumeo hakukulia huku, kwa hiyo msomee hii apate kuelewa. Huku kwetu watu wakiwa bondeni hawaitani majina. Ukimtaka mtu unapiga makofi, au unasema wewe fundi, wewe mwenye ndoo, wewe uliyevaa kanga nyekundu. Wazee wetu walituambia kwamba mto ule hushika jina linalotamkwa juu yake. Hulishika pamoja na sauti ya aliyelitamka, ukaviweka vyote viwili, halafu siku unayotaka wenyewe unaviita tena. Na aliyeitwa ole wake akiitika. Mshonaji, ambaye aliolewa tu huku, alikuwa akitucheka. Alisema mto ni maji na mawe, basi.

Nikaamua nije kwako mwenyewe. Barabara ya juu ilikuwa imemomonyoka kwa mvua, basi halipandi, na njia iliyobaki ilikuwa kufuata bonde kwa miguu mpaka kituo kikubwa, mwendo wa kutoka asubuhi hadi alasiri. Mshonaji akasema haniachi niende peke yangu na magoti haya, na isitoshe anataka sindano za cherehani. Mjomba wako alishangaa. Aliniambia, Mama, wewe bonde hilo hujalikanyaga tangu msiba. Kweli. Miaka ishirini na miwili nimepita barabara ya juu, hata nikiwa na mzigo, hata nikiwa na homa. Watu walisema ni uchungu wa mwana. Niliwaacha waseme.

Tulianza ukungu ukiwa bado umelala juu ya matete. Njia imekuwa nyembamba siku hizi, matete yamezidi kimo cha mtu, unasikia mwenzako mbele bila kumwona. Mshonaji alikuwa akiongea bila kupumua, habari za bibi harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa, na jinsi alivyotia vipande vya pembeni usiku na mchana akilaani keki. Nilicheka. Tukapita nyumba ya mashine ya kusaga. Paa limeanguka, mkanda wa mashine umening'inia ukutani kama ulimi. Tangu hapo ndege wakaacha kulia. Sikumwambia mwenzangu, lakini naye maneno yalianza kumpungukia, mpaka bibi harusi akaachwa amevaa mkono mmoja wa gauni.

Tulifika kivukoni jua likiwa juu ya vichwa. Mawe ni yale yale tisa. Mto ulikuwa unakwenda, povu naliona, majani yanapita, lakini sauti hakuna. Nilidhani masikio yangu yameziba. Nikagonga fimbo juu ya jiwe. Haikulia. Nikamtazama mshonaji, naye alikuwa anapiga makofi polepole mbele ya uso wake, anavitazama viganja vyake. Ilikuwa kana kwamba bonde zima limeinamisha kichwa linasikiliza.

Ukaidi wangu unaujua. Nilikaa chini, nikatoa kiazi nikaanza kukila, ili nisionekane naogopa.

Ndipo jina la mama yako likaitwa. Mara moja, kwa hasira, kutoka upande tuliotoka. Sauti ya mwanamke wa makamo, yenye mkwaruzo mwishoni. Mshonaji akageuka akaniuliza kwa midomo tu, Bibi, unamwita nani? Nisingeweza kumjibu, kinywa kilikuwa kimejaa kiazi. Likaitwa tena. Safari hii alikuwa ananitazama usoni, na midomo yangu ilikuwa imefungwa.

Halafu katikati ya mawe, mahali pasipo na mtu, kikaitikia kijisauti cha adabu: Abee, Mama.

Hapo maji yakarudi kulia yote kwa pamoja, kama mlango uliofunguliwa.

Tulivuka, sijui tulivukaje. Mshonaji alinishika mkono mpaka ukafa ganzi na hakuuachia hadi kituoni. Pale, tumekaa juu ya ukuta mfupi karibu na wauza maji, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sauti ile ni yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Basi la kuja kwako likafika. Kondakta akaniita mama mkubwa, akasema nafasi ipo mbele, magoti yatanyooka. Sikupanda. Nilikuwa nimekuja na maneno laini ya kukupa: kwamba ulikuwa mdogo, kwamba mto ulijaa, kwamba hakuna wa kulaumiwa. Ningekukumbatia huku uongo umekaa kati ya kifua changu na chako, na kile kichanga kingebanwa hapo hapo katikati. Tulilala kwa dada yake mshonaji, tukarudi na lori la kokoto la mafundi wa barabara.

Sasa sikiliza, na mshonaji aache kuvuta kamasi, atalowanisha karatasi.

Siku ile tulitoka kusaga, sisi watatu, tukipeleka unga sokoni ng'ambo. Wewe ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikuwa ameniambia njiani kwamba mwezi ukiisha anahama na wewe, anamfuata baba yako mjini. Mimi nikakasirika. Nilisema maneno ambayo mama hamwambii mwanawe. Yeye hakunijibu hata moja. Alikubeba akakuvusha, akakuweka ng'ambo, akarudi kuchukua gunia la unga, akanipa mgongo akaanza kuvuka tena. Na mimi nikaona kile kimya chake ni dharau. Nikamwita. Kwa jina lake lote, bondeni, juu ya maji, kwa sauti uliyoijua ukiwa umevunja kikombe.

Ningemwita mtoto wa mtu mwingine, angeendelea na safari yake. Lakini huyu nilimlea mimi. Nilimfunza kwa fimbo kwamba Mama akiita hakuna kukaa kimya, unageuka, unamtazama, unaitika. Alikuwa kwenye jiwe la sita, gunia kichwani. Akageuka. Akasema, Abee, Mama. Unga ulikwenda upande huu na yeye upande ule.

Ulianza kulia Mama, Mama, baada ya hapo. Baada, mjukuu wangu. Si kabla. Watu wa mashineni walikuja mbio, na mwenye mashine akauliza nani ameita mtu hapa. Ukamjibu, Mimi, nilikuwa namwita Mama. Akasema basi msimguse, ni mtoto, hajui. Akanigeukia mimi, akanipa pole. Nikaipokea.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nikaona watu wanakuhurumia, nikajiambia mtoto husamehewa, mimi nisingesamehewa. Ukaanza shule, wakakuimba, mtoto aliyemwita mamaye. Ukawa unarudi na vumbi mdomoni kwa kupigana. Nilikuosha uso kwa maji ya moto nikikuambia uwapuuze. Kumbe dawa ilikuwa kinywani mwangu, na nilikuwa nayo nikilala na kuamka.

Tena uongo wenyewe ulikuwa wa kijinga, ningeweza kuuvunja hata bila kujitaja. Mto ule hushika jina. Mama si jina. Kila mwanamke aliyepita pale na mtoto ameitwa mama, na wamevuka wote wakafika nyumbani. Hukuita kitu ambacho maji yanaweza kukishika. Ungekuwa wewe uliyeita, mshonaji angesikia kilio cha mtoto. Alisikia jina, na alinisikia mimi.

Basi mwanao hadaiwi na mto wala na mtu. Jina ulilompa ni zuri. Mwite humo nyumbani kwako asubuhi na jioni, mwite kwa upole, lizoee kuitwa hivyo.

Nimekwisha kumwambia mjomba wako. Alitoka nje akakaa karibu na zizi mpaka jua likazama, akaja akala, hakunitazama. Ni haki yake, alikuwa dada yake. Mwenye mashine alikwisha kufariki, kwa hiyo nilimwambia mkewe. Nimepita nyumba kwa nyumba, mpaka kwa wale waliokuwa wakikuimba, ambao sasa wana ndevu na watoto. Mmoja aliniuliza kwa nini nisingenyamaza tu, uzee wenyewe huu. Nikamwambia nimenyamaza vya kutosha, nimeshiba.

Sikuombi kitu. Nakupenda, hilo halikuwa uongo hata siku moja, lakini sitaki ulichanganye na haya mengine. Msalimu mumeo. Mbusu huyo mdogo kwenye nyayo. Mshonaji anakusalimu sana, na bonde hapiti tena, hata kwa sindano za dhahabu. Mjomba wako hakunituma salamu, ila jana alinyoosha kitanda chako cha zamani na kukipiga misumari, kwa hiyo naamini zipo.

Ni mimi bibi yako.

Ukija, njoo kwa barabara ya juu, imekwisha kutengenezwa. Ukifika mlangoni usiniamkie, maana shikamoo yako sitaipokea kabla hujaniambia yote uliyoyabeba, kwa sauti kubwa, mbele ya mjomba wako na majirani. Usinihurumie kwa ajili ya magoti. Ukimaliza, kama shikamoo bado unayo, nipe. Kama huna, niwekee mtoto mapajani tu, nawe nenda kapumzike.