Kamba Mpya ya Kengele

Galbet, Garissa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Baba, nimechoka hadi kijiko kinanilemea. Tangu Jumatatu tunahamisha pampu za shamba kutoka ukingoni, na kila tukizipandisha, Mto Tana nao unapanda. Hassan, mwenye shamba, ameniona naandika akasema, "Yohana, simu mzee hasikii, barua atasikia. Mwambie fitu fyake abeleke juu. Mto haina rafiki, wallahi."

Historia ya kijiji chetu cha Kanisani uliyoniagiza niandike kwa ajili ya mchungaji mpya nimeimaliza. Ulitaka iwe fupi, nami sina nguvu za kuirefusha. Kanisani ya kwanza ilikuwa kwenye kona ya mto. Babu na wenzake walijenga kanisa la udongo na makuti, wakatundika rimu ya lori iwe kengele. Mto ukala ukingo mpaka ukafika mlangoni. Leo palipokuwa na madhabahu wanalala viboko. Ya pili walijenga upande wa magharibi. Huko mto haukutuvamia, ulitukimbia. Ulibadili njia, ukatuachia dimbwi la kambare, na akina mama wakachoka kuteka maji mbali. Ya tatu ndiyo hiyo mliyopo, mto mbele na kilima cha mchanga nyuma, na kukifikia ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja mrefu.

Nilipokuwa nikiandika niliona jambo. Mara zote mbili hakuna aliyehama kwa kuambiwa tu. Babu alishusha kengele, akaibeba begani, akaitundika mahali papya kabla nyumba hata moja haijasimama. Watu wakaifuata. Sasa kengele iko mikononi mwako, na dada Rehema ananiambia kijiji kizima kimefunga mizigo kinakungoja wewe. Nawe umekaa tu!

Najua kwa nini. Mama amelala nyuma ya kanisa. Hata mimi inaniuma, sitakuficha. Lakini Mama alizaliwa Kanisani ya pili, na wazazi wake walizikwa kule. Kengele ilipoondoka alilia, kisha akajitwika sufuria akaifuata. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia.

Maji tunayoyaona hapa leo yatakuwa kwenu baada ya siku chache. Dereva wa pikapu anaondoka mchana huu, atayatangulia.

Nisalimie Rehema na wanawe, shangazi wa kwaya, na jirani yako shemasi anayekufunga bao kila jioni.

Pamoja na barua hii dereva atakupa kamba. Usiifungie mbuzi, Baba. Ile ya kengele imeoza, na kule kilimani upepo ni mkali.

Mwanao akupendaye,
Yohana