Hodi Kwenye Mtambo Uliofungwa

Mbinga, Jumatano. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na vidole vinakataa kuandika. Leo lakini nina jambo la kujivunia, kwa hiyo vitatii.

Mhariri alitaka picha za ndani za mtambo wa zamani wa kumenya kahawa. Ulikuwa wa ushirika, ukafungwa wanunuzi binafsi walipoanza kupita nyumba kwa nyumba na mizani zao. Nilikwenda na Sudi, mpigapicha aliyefika juzi kutoka Dar.

Mlango ulikuwa wazi. Nilisimama nje nikaita hodi.

Sudi akacheka. "Kaka, unawapigia hodi popo?" Mguu wake mmoja tayari ulikuwa ndani.

Nikaita ya pili.

"Karibuni! Ila wewe wa viatu vyeupe, rudisha mguu!"

Akaurudisha. Kutoka nyuma ya nguzo alitokea Mama Kapinga, aliyefanya kazi hapo hadi siku ya kufungwa. Siku hizi huweka kahawa yake humo ili umande usiilowanishe. Tulimwamkia, akaitikia. Kisha akachukua mti mrefu na kuuchomeka kwenye maganda makavu ya kahawa, hatua moja mbele ya Sudi.

Mti ulizama wote.

Pale ni tangi la kuoshea kahawa. Mbao zilizolifunika zimeoza, na maganda yaliyotanda juu ya maji yanaonekana kama sakafu.

"Popo wangu wana adabu kukushinda," alimwambia Sudi.

Nakiri: miaka yangu ya mwanzo niliingia majengo ya namna hii kwa kupitia dirishani, na kwenye droo yangu bado kuna kibao cha mlango nilichokibandua mahali fulani kama kumbukumbu. Nilidhani kisichokaliwa hakina mwenyewe.

Mama Kapinga alituongoza kwa kufuata ukuta. Tulipomaliza alisema, "Kuandika, andikeni. Msiwaelekeze watu. Mimi sishindi humu kila siku."

Mchana, baada ya kusoma habari niliyomtumia, mhariri alipiga simu. "Jina la kijiji liko wapi? Msomaji atataka kufika!"

"Ndiyo maana sijaliandika."

Nilimwambia habari itoke hivyo au isitoke. Alinuna, akakubali. Hata hapa silitaji.

Nimeandika habari nyingi zilizokamilika. Hii ina pengo, na ndiyo ninayojivunia zaidi. Atakayeingia pale siku Mama Kapinga yuko shambani hatapata wa kumwambia arudishe mguu, nami sitaki awe amefika kwa maelekezo yangu.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, nilimwona Sudi amesimama mbele ya chumba chake mwenyewe, ufunguo mkononi.

Akaita hodi.

Sikumcheka. Kibao kitarudi kilikotoka, nami nitaingia kwa mlango. Hodi tatu bila jibu, nageuka.