Mwangwi wa Bi Chiriku

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mama, bado anakuficha chumvi? Mimi mzima, kikohozi kimeisha, na fundi cherehani wa ghorofa ya chini amehamishia mashine zake chumba cha nyuma. Sasa naweza kurekodi mchana bila kuingiza trrr ndani ya kila wimbo.

Najua huipendi simu. Unasema inakuletea nusu ya sauti yangu na kuitupa nusu nyingine njiani. Basi nakuandikia, na ndani ya bahasha utakuta flashi. Keti kwanza.

Wanatoa upya nyimbo kumi na moja za Bi Chiriku, zile ulizomrekodi wewe kabla sijazaliwa. Wa kumi na mbili ni mpya. Ameuimba hapa kwangu wiki iliyopita, amekaa kwenye kiti changu cha plastiki, miaka sabini na minne, na sauti yake bado inasisimua mwili. Mwenye studio ameniambia wazi: wimbo huo ukikaa na zile za zamani bila kiraka kuonekana, jina langu litaandikwa kwenye jalada kama fundi. Kiraka kikionekana, kazi anampa mwingine. Na huyo mwingine yupo tayari, ana miaka ishirini kazini.

Tatizo ni mwangwi. Nyimbo zako zote zina mwangwi wa lile bamba la chuma ulilopitishia sauti ili litetemeke, lililoning'inia ndani ya sanduku kule chumba cha chini cha studio yenu ya zamani. Bamba lenyewe liliuzwa kama chuma chakavu, lakini siku hizi kuna plagini, vijiprogramu vya kompyuta vinavyoiga mitambo hiyo ya zamani. Ziko za kuiga bamba, za kuiga springi, na za kuiga yale masanduku ya dijitali yaliyokuja baadaye. Nimejaribu tisa. Springi inamfanya Bi Chiriku aimbe ndani ya ndoo. Za dijitali zinamvisha mapambo yasiyo yake. Zimebaki za bamba tatu, za watengenezaji watatu tofauti. Kwenye flashi nimeziita moja, mbili na tatu, na sikuambii ipi ni ya nani. Nichagulie, baba. Nani analijua bamba lile kuliko wewe?

Mwanao,
Kitinda Mimba

12 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Goti linanung'unika, ila hiyo ni kawaida yake. Chumvi nimeigundua, iko nyuma ya kopo la unga. Usimwambie mama yako.

Bamba ndani ya kompyuta! Mwanangu, lile dude lilikuwa na urefu wa mita mbili. Tulilishusha ngazi watu sita, na mmoja wetu aliacha ukucha pale. Ukikohoa karibu nalo, linakohoa na wewe. Nikiwa narekodi, hakuna aliyeruhusiwa kushuka chini na viatu, hata meneja alivua. Leo unaniambia limeingia kwenye kitu kidogo kuliko kidole changu. Nilicheka mpaka mama yako akaja kuangalia kama nimepatwa na jambo.

Halafu nikasikiliza, nikaacha kucheka. Nakiri.

Nimesikiliza kwa spika zangu kubwa, siku tatu. Ya kwanza ni nzito, inaburuta miguu. Ya pili imefifia, utadhani mtu amelifunika bamba blanketi. Ya tatu ndiyo yenyewe. Inang'aa, kila neno linatoka, na mkia wa sauti unakwenda, unakwenda, mpaka unaisha wenyewe. Weka ya tatu. Usiniulize mara mbili, nimelisikiliza bamba lile miaka thelathini na mmoja.

Sikuwa na imani na kazi yako hiyo ya kubofyabofya. Sasa ninayo kidogo.

Wako,
Baba

21 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na nyumba nzima ni wazima. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne.

Niliweka ya tatu, kama ulivyosema. Kisha nikafanya ulichonifundisha nikiwa na miaka kumi: nikapunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono, nikatoka, nikasimama kwenye korido na mlango nusu wazi. Ulikuwa ukisema chumbani fundi hujidanganya, ukweli husikika koridoni. Nikapiga wimbo wako mmoja wa zamani, kisha huu mpya. Kila Bi Chiriku alipofika kwenye zile s za "sisi sote", mwangwi ulirusha cheche kama mafuta ya moto kwenye kikaango. Nyimbo zako hazifanyi hivyo hata moja.

Nikaweka ya pili, ile uliyosema imefunikwa blanketi. Nikafumba macho. Sikuweza kujua wa zamani umeishia wapi na mpya umeanzia wapi. Nikamwita fundi cherehani apande asikilize, naye hakuweza.

Baba, usinikasirikie. Nafikiri zile sauti nyembamba za juu masikio yako hayazipati tena kama zamani. Ya tatu umeiona inang'aa kwa sababu inapiga kelele mahali ambapo nyingine zinakufikia kwa shida. Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho, birika lilikuwa linapiga mluzi na wewe umekaa pembeni yake unasoma gazeti. Niliona, nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza.

Jana nimeipeleka ya pili. Ikionekana kiraka, kosa ni langu peke yangu. Lakini nakuomba, nenda kwa daktari wa masikio.

Mwanao anayekuheshimu,
Kitinda Mimba

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Siku kumi na tisa bila hata mstari mmoja. Mama anasema uko mzima, unakula vizuri, na hutaki kutajiwa birika.

Wimbo umekubaliwa. Mwenye studio ameusikiliza mara mbili, akanipa mkono. Jina langu liko kwenye jalada. Nilitoka pale nikitembea kifua mbele, nikafika kituoni, nikakumbuka kuwa mtu niliyetaka kumwambia hanisemeshi.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba mara mbili, ile ya nyuma na hii. Sote wazima.

Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikaigeuza picha yako ukutani. Mama yako akairudisha, nikaigeuza tena. Mtoto niliyemfundisha kukunja waya aniambie mimi sisikii! Mwezi mzima nilikaa na hasira moyoni. Kisha asubuhi moja nikabandika birika makusudi, nikasimama juu yake. Mvuke nauona, mluzi hakuna. Mara mama yako anatoka chumbani mbio kuja kulizima. Nikavaa viatu nikaenda kwa daktari.

Alinifungia kwenye kijumba kisichoingiza sauti, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikabonyeza, nikabonyeza, halafu nikakaa pale nikisubiri mwingine. Kumbe alikuwa ameshapiga saba. Akanionyesha karatasi: mstari unakwenda vizuri, kisha unaporomoka. Mstari huo wewe uliusoma kutoka huko uliko, bila mashine. Nikamsimulia. Akauliza, binti yako naye ni daktari? Nikamjibu, zaidi.

Jumapili alasiri Bi Chiriku aliita watu kwake kuzisikiliza nyimbo zote kumi na mbili. Chumba kilijaa, wapigaji wake wote wa zamani waliobaki. Wakaanza kubishana upi ndio mpya. Mpiga gitaa wake akaapa kuwa ni wa tano, ambao aliupiga mwenyewe enzi zile akiwa na nywele. Sina mbavu, mwanangu. Yale ninayoyasikia niliyasikia, na yale nisiyoyasikia nilikuamini wewe.

Ndipo Bi Chiriku, aliyedhani wewe ulirekodi tu na mwangwi nimeutia mimi, akanigeukia mbele ya watu wote, akasema, "Fundi, mkono wako haujapotea. Mwangwi ni ule ule."

Nikainuka, na goti langu hili, nikamwambia, "Bi mkubwa, safari hii sikugusa kitu. Mimi nilichagua vibaya, akanikatalia. Fundi ni binti yangu." Mama yako anasema nilipiga kelele. Labda. Nikachukua jalada nikapita nalo kwa mmoja mmoja nikiwaonyesha jina lako, hata kwa wale waliokwisha kuliona.

Wako,
Baba yake Fundi