Kikombe cha Mama wa Nairobi

Nilisimama katikati ya marathon Nairobi nirudishe kikombe cha maji. Kendi mjukuu wangu, hujambo? Mimi ni kijana, lakini nilipewa jina la babu yako, ndiyo maana mama yako huniita baba nami nakuita mjukuu. Huku Mitunguu tuko wazima, ng'ombe imezaa.

Umeuliza kama watakucheka ukienda kukimbia huko Nairobi. Mimi walinicheka. Kwetu ukipewa maji unarudisha kikombe na asante, lakini wakimbiaji wengine walikuwa wanatupa tu barabarani.

"Wewe, tupa! Kimbia!" mama aliyekuwa anagawa maji kwa meza kando ya barabara akaniambia.

"Nitupe kikombe yako?"

Meza yote ikacheka. Niliona aibu, nikataka kuwacha mbio nirudi nyumbani. Lakini njia ya mbio ilikuwa inazunguka na kurudi pale pale, na nilipofika kwa hiyo meza tena, miguu imekwisha, wakapiga kelele: "Mtu wa kikombe amerudi! Songa, songa!" Nikanywa nikikimbia. Yule mama akakimbia kando yangu, akanyoosha mkono, akachukua kikombe yake. Nikafika mwisho.

Kwa hivyo enda, Kendi. Sasa wacha nitoke, zamu yetu ya maji ya shamba imefika, na jirani asiponiona kwa mfereji atayageuza yaende kwake.