Spika za Inchi Tano kwenye Ghala la Mahindi

Mpendwa shemeji,

Wiki iliyopita nilikwenda Kitale kununua waya katika duka la Bi. Harjit, na mle nikaambiwa jambo ambalo limenifanya niketi nikuandikie. Nitalifikia. Unanijua: mimi hueleza mambo kwa utaratibu wake, na wewe ulizoea kunitania kwamba hata salamu naigawa katika aya.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike Bungoma. Siku ile nilipewa nafasi ya kusema, nikazungumza juu ya bidii yako na uaminifu wako, maneno ambayo mwalimu mstaafu huwa nayo tayari kwa mazishi ya mtu yeyote. Sikukushukuru. Ndilo ninalolifanya leo.

Utakumbuka jinsi jambo lenyewe lilivyoanza. Daktari alimwambia dada yako Nasimiyu kwamba uvimbe wa shingoni lazima utolewe, na kwamba sauti yake huenda isirudi kama ilivyokuwa. Mimi nilimwuliza daktari maswali mengi. Nasimiyu hakuuliza hata moja. Tulipofika nyumbani Naitiri, alinitaka nikupigie simu uje na vyombo vyako, umrekodi akiimba nyimbo mlizofundishwa na mama yenu. Naye alitoa sharti moja. Alitaka azisikilize zikiwa zimekamilika kabla ya kupasuliwa, akiwa bado na sauti yake ya kuzilinganisha nayo.

"Nikishapasuliwa," alisema, "nitaamini chenye mtaniambia."

Tulikuwa na wiki tatu.

Ulifika na maikrofoni, kompyuta na vile vidude vya masikioni, lakini bila spika, kwa kuwa zako zilikuwa zimeungua stima iliporudi kwa nguvu mjini Bungoma. Ulizunguka nyumba yangu yote ukipiga makofi katika kila chumba kama mtu anayefukuza kuku. Sebule uliikataa. Chumba cha wageni ulikikataa. Ukaingia katika ghala langu la mahindi, chumba kidogo cha matofali chenye magunia yaliyopangwa ukutani hadi karibu na dari, ukapiga kofi moja. Lilifia pale pale mikononi mwako.

"Ni hapa," ulisema.

Niliona aibu mke wangu aimbe ghalani. Siku ya pili nilitundika pazia zito la sebuleni, likafunika magunia yote toka juu hadi sakafuni, ili wanakwaya wenzake wakija wasione mahindi. Ulilisifu lile pazia. Nami nilifurahi kusifiwa.

Kuimba kulikwisha kwa siku tatu. Kulibaki kuzichanganya sauti, na ulinieleza kwamba kazi hiyo haifanywi kwa vidude vya masikioni pekee, maana sauti hukaa ndani ya kichwa badala ya kukaa mbele ya mtu. Basi tukaenda Kitale.

Bi. Harjit, mama wa Kisikh aliyezaliwa mjini humo na anayebishana na wateja kwa Kiswahili cha sokoni, alituteremshia jozi tatu za spika za studio. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuiona nyingine mlangoni, ndefu kama mtoto wa darasa la tatu, yenye taa za buluu. Nilikuonyesha.

"Shemeji, hiyo ni ya harusi," ulisema. "Hiyo inafanya kila mtu aimbe vizuri. Hata wewe."

Bi. Harjit alicheka hadi akashika kaunta.

Uliupiga wimbo mmoja wa kwaya ya Ndalu, uliourekodi mwenyewe, katika jozi zote tatu. Za inchi nane zililijaza duka, nami nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Uliniuliza ghala lina upana gani. Nilipokujibu kwa hatua, ulitoa mfukoni kamba uliyokuwa umelipimia ghala asubuhi. Ukaniambia kwamba katika chumba cha kiasi kile besi ya spika kubwa haipati pa kwenda, hugonga ukuta na kurudi, na mtu huanza kuirekebisha sauti isiyo na kosa. Za inchi nne ziliimeza sauti ya chini, na sauti ya dada yako ilikuwa yote ya chini. Zikabaki za inchi tano. Katika hizo nilimsikia mama mmoja wa kwaya akivuta pumzi kabla ya wakati, na kiti kikilia.

"Hizi zinatoa aibu za watu," nilisema.

"Ndizo tunachukua," ulijibu.

Ulizigeuza ukahakikisha tundu la kutolea hewa liko mbele, si nyuma, kwa sababu zingekaa karibu na ukuta. Kisha tukaondoka, mimi nikiwa nimenuna.

Ulirudi Bungoma siku chache kumaliza kazi za watu. Katika siku hizo mnunuzi alikuja na lori, nikamwuzia mahindi yote. Nilifagia ghala, nikalirudisha pazia mahali pake likiwa limenyooka vizuri. Niliona nimekupa nafasi zaidi. Sikukuambia, kwa kuwa sikuona la kukuambia.

Ulipokuja kuchanganya nyimbo, ulifanya kazi siku mbili bila kupumzika. Siku ya tatu Nasimiyu aliketi sebuleni, tukazipiga katika redio ya nyumbani. Alisikiliza nyimbo mbili, akainua mkono.

"Huyu si mimi," alisema. "Huyu ni msichana fulani amekonda."

Ilikuwa Alhamisi. Upasuaji ulikuwa Jumatatu.

Najua niliyoyasema baada ya hapo, na natamani nisingeyasema. Mbele ya dada yako nilikuambia kwamba ulikataa ushauri wa mtu aliyekuzidi umri, ukachagua vispika vya kuchezea, na kwamba kama angepoteza sauti bila kuisikia, jambo hilo lingekuwa juu yako. Wewe uliondoka ukaenda ghalani.

Kesho yake asubuhi nilizichukua spika hadi Kitale, nikamkaripia Bi. Harjit mbele ya wateja kwamba aliniuzia bidhaa mbovu. Aliziunganisha pale kaunta, akazipiga, tukasikiliza.

"Hii iko sawa, Mwalimu," alisema. "Ni nini imebadilika kwa chumba?"

Nilimwambia kwamba hakuna kilichobadilika. Nilisema hivyo nikiwa na hakika kabisa.

Niliporudi nilikukuta umesimama ghalani, umelishika lile pazia kwa ncha, na nyuma yake ukuta mtupu. Nilikuambia nilivyomkaripia Bi. Harjit, nawe ukaniuliza mahindi yako wapi. Nilikujibu kwamba yamekwenda na lori. Uliketi sakafuni ukacheka hadi ukakohoa.

"Kumbe uliuza studio kwa gunia," ulisema.

Kisha ulinieleza, polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wazito. Pazia huzima sauti za juu tu, ndiyo maana makofi uliyopiga uliporudi hayakukuonya. Besi hulipita kana kwamba halipo. Magunia ndiyo yaliyokuwa yakiimeza, na yalipoondoka sauti ya dada yako ilianza kuvuma humo ndani. Ukadhani kosa liko katika wimbo, ukaipunguza, ukaipunguza tena, hadi akabaki yule msichana aliyekonda.

Mahindi hayakuwapo tena Naitiri kwa haraka ile. Lakini magunzi yalikuwapo kila boma, na maganda makavu. Nilikwenda kuwaomba majirani magunzi, mimi ambaye sijazoea kuomba, na nilipoulizwa ni ya nini nilianza kueleza habari za besi. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama Mwalimu sasa anataka kupika pombe. Hata hivyo walileta, wakiyabeba vichwani ndani ya magunia, wakicheka njia nzima. Wewe uliyapanga, mengi zaidi katika pembe, na kila mara ulikuwa ukiupiga wimbo mmoja na kusikiliza, ukisogeza gunia, ukisikiliza tena. Ulizirudisha spika mahali pake, ukapima kwa kamba ili umbali kati yake ulingane na umbali hadi masikioni mwa msikilizaji. Ulianza kazi yote upya.

Jumapili baada ya kanisa Nasimiyu aliketi sebuleni kwa mara ya pili. Wimbo wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Katika wa tatu aliweka mkono shingoni, akaimba pamoja na nafsi yake, chini kwa chini, akilinganisha. Sisi wawili hatukuthubutu kutazamana.

"Eeh," alisema. "Huyu ni mimi."

Sauti haikurudi, shemeji. Wewe mwenyewe uliisikia baadaye, ile ya kukwaruza. Lakini hajawahi kuniuliza kama kweli alikuwa akiimba hivyo. Wajukuu wanapozisikiliza nyimbo zile, yeye huendelea na kazi yake akitikisa kichwa, kama mtu anayezungumza na jirani aliyemzoea.

Sasa nilifikie lile la duka. Nilipolipia waya wiki iliyopita, nilimwambia Bi. Harjit kwamba nina deni la kumwomba radhi. Alishangaa. Alisema jambo hilo lilikwisha siku ile ile, kwa kuwa jioni yake ulimpigia simu.

"Alisema ni yeye aliunganisha waya vibaya," aliniambia. "Akasema nisikukasirikie, ati wewe ni mtu wa heshima."

Wewe, ambaye sijawahi kukuona ukiunganisha hata waya mmoja vibaya. Ulikuwa umetoka kucheka sakafuni, magunzi yalikuwa bado hayajafika, siku zilikuwa zimebaki mbili, nami nilikuwa nimekutukana siku iliyotangulia. Ukaichukua simu ukajisingizia kosa langu, kwa mtu ambaye kazi yako ilimtegemea.

Nilimwambia Bi. Harjit ukweli pale pale, nikiwa nimesimama nilipomkaripia, na wateja wakisikia. Mahindi, lori, pazia, yote. Nilipofika nyumbani nilimweleza dada yako. Yeye alikuwa anajua. Ulikuwa umemkataza asiniambie.

Lala salama, shemeji. Asante kwa sauti yake, na asante kwa simu ile.

Mume wa dada yako,
Mwalimu