Kuku Walioshindishwa Njaa

Waa, Kwale

Kwa kaka yangu Chome,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Doha. Sisi hatujambo, na mama hajambo ila goti lake tu. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu humwachi mtu akamaliza, na leo nataka nimalize. Ndiyo maana nimempa Abdulaziz, anayesafiri kuja huko, akuletee mkononi.

Kaka, kuku wamekua! Narudia, wamekua! Lile fungu la kwanza lilipokufa kwa joto, ulisema hili nalo likifa banda livunjwe, ujenge duka lako pale pale. Nililia sana. Nilikwenda Matuga kwa Eunice, afisa wa mifugo, akaniambia tunawalisha mno. Kuku wa nyama hajui kusema basi, na akishiba saa za jua kali mwili huchemka, moyo ukamshinda. Akaniagiza niondoe vyombo vya chakula jua likianza kupanda, niwaachie maji tu, nivirudishe alasiri.

Hapo vita vikaanza. Mama alisema tangu aolewe hapa hakuna kiumbe kilichoshinda na njaa katika mji wake, na majirani wakisikia vilio vile watatuonaje. Na kweli walilia, wee! Wakadumaa, wakawa wadogo kuliko wa jirani yetu Beryl, aliyewalisha wake kutwa kucha. Beryl kila akipita huuliza kama nafuga kuku au njiwa.

Kumbe mama alikuwa akinizunguka. Banda tumeligawa kwa wavu, na adhuhuri nikienda kuteka maji, yeye huwarushia sima ya jana wale wa upande wa jikoni. Ikaja siku ya joto la kutisha. Waliokufa wote walikuwa wa upande wa jikoni. Wale wenzao wenye njaa walikuwa wazima, wananitazama. Mama aliketi chini na bakuli lake, akasema mwenyewe kwamba amewaua kwa huruma. Tangu hapo yeye ndiye mlinzi wa vyombo, hata mimi siruhusiwi kuvigusa kabla ya alasiri.

Walipokomaa kidogo nikawaongezea chakula cha jioni na cha alfajiri. Lo! Walikula wakafidia yote, wakawafikia wa Beryl, wakawapita. Wa Beryl wengine miguu ilishindwa kubeba vifua vyao. Justus, mpishi wa hoteli moja ya Diani, aliwachukua wangu wote, akauliza tunawalisha nini. Mama akadakia kwamba tunawalisha njaa. Nilicheka hadi nikashika ukuta! Sasa Justus anataka kila fungu tutakalofuga.

Basi kaa kitako, kaka. Yale mawe ya duka uliyoyalipia yalifika salama, na yameshajengwa. Banda sasa ni kubwa mara mbili. Wala usinikasirikie mimi, fundi aliitwa na mama. Fundi alipouliza kama wewe una habari, mama alimwambia aendelee kupanga mawe, wewe ni mwanawe, utaandikiwa.

Basi ndiyo nimekuandikia.

Mama anakusalimu sana. Beryl naye anakusalimu, yupo hapa asubuhi hii, amekuja kujifunza. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi mdogo wako, mwenye banda,
Mbeyu